Msimpime profesa wa fiziolojia kwa fomu ya dakika mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule mama aliyeandika kwamba binti yake kapata sapu (mtihani wa kurudia) ya fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, mwaka wa kwanza wa udaktari, na kwamba darasa lao lilishamlalamikia profesa, fomu za maoni wakajaza, chuo kikakaa kimya. Mama yangu shikamoo, na pole sana. Sapu ya fiziolojia inauma, nina rafiki zangu waliipata na wengine walidisko kabisa, yani waliondolewa chuo kwa kufeli, wakarudi nyumbani na mabegi yao. Ila pale uliposema wanafunzi wote wakisema mwalimu hafundishi basi hafundishi, hapo nimeshindwa kunyamaza, maana mimi mwaka wa kwanza nilikuwa CR, yani mwakilishi wa darasa, chuo kingine sio hicho cha binti yako, na nikapewa kazi ya kukusanya maoni ya wenzangu kuhusu profesa wetu wa fiziolojia niyapeleke idarani. Niliyasoma yote. Na nakwambia hakuna kitu kinaitwa wanafunzi wote wanasema.

Nieleze kwanza anavyofundisha, bila hivyo hamtaelewa ugomvi ulikuwa wapi. Profesa wetu ni mama mtu mzima na slaidi hana. Wahadhiri wengine wanakuja na projekta, wanasoma slaidi mia na kitu ndani ya masaa mawili, wakimaliza CR anapewa flashi anasambaza, watu wanaenda kukariri kwenye vimbweta mpaka usiku. Huyu anakuja na chaki za rangi. Anachora moyo, anachora figo, anafuta, anachora tena, na kila baada ya muda anageuka anamnyooshea mtu kidole, wewe mwenye shati la kijani, endelea.

Siku ya mzunguko wa damu alichora mabomba mawili ubaoni. Akasema presha ni ileile, urefu uleule, ila hili la pili upana wake wa ndani ni nusu ya hili la kwanza, haya niambieni damu inayopita imepungua mara ngapi. Mtu akasema mara mbili. Mwingine akasema nne. Akaweka chaki mezani akasubiri, hajibu, anatuangalia tu, dakika zinakwenda, watu wamenuna, mpaka dada mmoja aliyekaa nyuma kabisa akasema kwa sauti ya uoga mara 16, akaitwa mbele aoneshe kaipataje. Ni 16 kweli, kwa sababu mtiririko unafuata nusu kipenyo kwa kipeo cha nne, ukiugawa upana kwa mbili basi damu unaigawa kwa mbili mara nne mfululizo. Hapo ndo akaanza kufundisha sasa, kwamba mwili ukitaka kupunguza damu inayoenda kwenye ngozi hauna haja ya kuziba mshipa, unaubana kidogo tu na inatosha, na kwamba mtu mwenye presha ya muda mrefu mishipa yake midogo ikishakuwa myembamba moyo unasukuma kwa shida kila pigo, usiku na mchana, mpaka misuli yake inanenepa.

Sasa sikia maoni niliyopokea kuhusu kipindi hichohicho. Mmoja aliandika ni mara yake ya kwanza toka aanze chuo kuelewa kitu bila kukariri. Mwingine aliandika katupotezea nusu saa kwa swali moja la fizikia, topiki haikuisha, na UE, mtihani wa mwisho wa semista, itatoka humohumo. Wote wawili walikaa ukumbi mmoja na wote wawili walikuwa wanasema ukweli.

Nikarudi kuyapanga yale maoni kwa kuangalia ni nani kasema nini, maana wengine waliniambia uso kwa uso hawakuficha, na nikaona kitu ambacho fomu haiulizi popote. Waliompenda wengi walitoka shule ambazo maabara ilikuwepo na mwalimu wa fizikia alikuwepo toka kidato cha kwanza. Waliomchukia wengi walitoka shule za kata kama mimi, ambapo fizikia ulijifundisha mwenyewe kwa madesa (maandishi ya kusomea) ya kuazima mpaka ukaingia PCB, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, kwa jasho, na unafika chuo unakuta mtu anazungumza presha, ukinzani na mtiririko kama vitu unavyovijua toka zamani. Kwahiyo alama aliyopewa profesa kwa sehemu kubwa ilikuwa inapima sekondari zetu. Nani atamlipisha yeye deni hilo? Ila pia nani atasema wale wenzangu walikuwa wavivu, wakati walikuwa wanaamka saa kumi usiku kusoma?

Kulikuwa na mfano wake mmoja watu waligombana juu yake mpaka bwenini. Siku ya oksijeni alisema hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ni daladala yenye siti nne. Abiria wa kwanza anasitasita kupanda, akishakaa mmoja wa pili anapanda kwa urahisi zaidi, wa tatu hivohivo, ndo maana ule mchoro wa oksijeni kwenye damu umepinda haujanyooka. Ikifika kituoni, yani kwenye msuli unaofanya kazi, pana joto, pana asidi, pana kaboni dayoksaidi nyingi, hapo abiria wanashuka haraka. Kuna mtu aliandika kwamba chuo kikuu sio mahali pa hadithi za daladala. Na kuna mtu, kijana mmoja mkimya sana kutoka Rukwa, aliandika sentensi moja tu, kwamba angefundishwa masomo yote namna hiyo asingekuwa analia.

Fomu rasmi sasa. Kwetu ipo kwenye mfumo uleule wa matokeo, na huwezi kuona matokeo ya UE mpaka umejaza maoni ya masomo yote ya semista. Hebu fikiria mama, matokeo yametoka, grupu zima linapiga kelele, mtu hajui kama ana sapu au bumu (hela ya mkopo wa chuo) litaendelea, bando linakaribia kuisha, halafu mfumo unamwambia kwanza tathmini wahadhiri wako. Nimewaona watu bwenini wanabonyeza tatu tatu tatu tatu kutoka juu mpaka chini bila kusoma hata swali moja. Wengine tano zote. Wengine waliokwishasikia kwamba wamefeli wanaweka moja zote. Halafu kompyuta inatoa wastani wenye desimali mbili, unakaa kwenye faili la profesa, na siku anaomba kupandishwa cheo kuna mtu anausoma ule wastani kwa makini kabisa.

Na maswali yenyewe ni ya ajabu. Je mhadhiri anasikika vizuri? Ukumbi wetu maiki yake ilikuwa mbovu toka tunaingia na darasa lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, waliokaa nyuma walikuwa hawasikii kitu kwa mhadhiri yeyote. Je vifaa vya praktiko vinatosha? Havikutosha, na profesa yule ndo alikuwa ananunua barafu kwa hela yake tufanye jaribio la presha, mtu anaingiza mkono kwenye ndoo ya maji ya barafu kwa dakika moja na sisi tunampima mkono mwingine, tunaona presha inapanda kwa sababu mishipa imebana kwa baridi na maumivu. Mashine ya presha nzima ilikuwa moja kwa kundi zima. Alama ya vifaa ilikuwa ya chini sana na ilikwenda kwenye jina lake.

Jambo lingine nalisema kwa uchungu. Huyu profesa ni mwanamke, na katika yale maoni kulikuwa na mengi ya sauti yake, mavazi yake, kwamba hacheki, kwamba anajisikia, kwamba labda nyumbani kuna matatizo. Mhadhiri wetu wa biokemia alikuwa mkali kuliko yeye, alishawahi kufunga mlango kwa ndani watu wakabaki nje, na yeye walimwandikia kwamba yuko siriazi na kazi. Ni ukali uleule. Kuna utafiti mdogo ulifanyika North Carolina Marekani ukatoka 2015, wasaidizi wawili wa kozi ya mtandaoni, mwanaume na mwanamke, kila mmoja akafundisha kundi moja kwa jina lake na kundi lingine kwa jina la mwenzake, wanafunzi hawawaoni sura, na waliodhani wanafundishwa na mwanaume walitoa alama za juu zaidi. Sisi hatukuhitaji kufanya majaribio, ilikuwa imeandikwa kwa kalamu mbele yangu. Yale ya mavazi sikuyapeleka idarani, nilikataa, na mpaka leo nasimamia hilo.

Lakini sitaki mtu afikiri naandika kumsafisha. Kuna malalamiko yalikuwa ya kweli na mazito. La kwanza, alimwambia mwenzetu mmoja mbele ya darasa zima kwamba kwa jibu hilo utaua watu. Yule kaka hakurudi tena kwenye vipindi vyake mpaka semista ikaisha, akawa anasoma kwa daftari za wenzake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajaua mtu, kaja kujifunza ili asije kuua, na mwalimu mwenye elimu ile alitakiwa ajue tofauti. La pili ni yale maswali ya kweli au si kweli yenye kukatana, ukipata unaongezewa, ukikosa unapunguziwa ulichopata kwingine. Wenye kujiamini walijaribu yote, waoga waliacha matupu mengi, na mtu aliyejibu yote akapatia nusu aliondoka na karibu sifuri. Mtihani wa namna hiyo unapima ujasiri. La tatu ni lugha, alikuwa akiona macho yetu yamepotea anahamia Kiswahili, na kwa wengi wetu hiyo ndo ilikuwa dakika ya kuelewa, lakini darasani tulikuwa na wenzetu waliotoka nje ya nchi hawajui Kiswahili wakabaki wanatuangalia tunavyotikisa vichwa, na mtihani unakuja kwa Kiingereza, kwahiyo hata sisi tulikuwa tunajua jambo ila tunashindwa kuliandika.

Maswali yake ya kuandika mimi nayatetea. Watu walitaka aulize eleza kazi za figo, mambo ya kumwaga ulichokariri. Yeye aliuliza figo zinachuja lita 180 kwa siku, mtu anakojoa lita moja na nusu, sasa figo zikirudisha pungufu kwa asilimia moja tu ya kilichochujwa mkojo utakuwa lita ngapi na mgonjwa atakuja kulalamika nini. Jibu ni lita 3.3, na mgonjwa atakwambia ana kiu haiishi na halali vizuri kwa kuamka kwenda chooni. Ukishafanya hesabu hiyo mwenyewe huwezi kuisahau.

Kilichosaidia kwetu sio fomu ya kwenye mfumo, ni kwamba mkuu wa idara aliyataka yale maoni katikati ya semista, kabla ya UE, wakati bado kuna vipindi. Niliyaandika upya bila majina wala mwandiko wa mtu, nikayapeleka. Sikujua profesa atapokeaje na niliogopa sana maana CR ndo anayeonekana. Wiki iliyofuata akaingia na chaki zake kama kawaida, akachora mstari upande wa kushoto wa ubao, akasema huku yatakaa maneno ya Kiingereza yote tutakayotumia leo, nikihamia Kiswahili nyie muangalie huku, na wasiojua Kiswahili nitawarudia kabla sijafuta. Akaanza kuacha muda mwishoni wa swali moja la mtindo wa UE tunalijibu wote. Kumnyooshea mtu kidole hakuacha, ila akawa ukikosa anakwambia kaa ufikirie nitakurudia, na kweli anakurudia. Yule kaka aliyeambiwa ataua watu alitafutwa akaitwa ofisini, walichoongea wanakijua wao. Kukatana kwenye mtihani hakukubadilika, tukaambiwa ni utaratibu wa idara nzima sio wake. Angalau tukajua tumlaumu nani.

Darasa lililotufuata halikuombwa maoni katikati ya semista, mkuu wa idara alikuwa amebadilika, wakabaki na fomu ya mfumo tu.

Halafu kuna suala la lini tuulizwe. Sasa hivi nipo mwaka wa nne, tunazunguka wodini. Juzi kwenye raundi ya wodi ya watoto daktari alituuliza kwanini ORS, ile dawa ya unga inayochanganywa na maji kwa anayeharisha, ina sukari, kwanini tusimpe mtoto anayeharisha maji ya chumvi tu. Waliojibu haraka ni wale wanaokumbuka kile kipindi cha utumbo, kwamba sodiamu ya kwenye chumvi inaingia ikishikana na glukosi, yani sukari, kupitia mlango uleule na maji yanafuata, na mlango huo unaendelea kufanya kazi hata kwenye kipindupindu. Profesa alitusimulia siku ile habari za mwaka 1971, wakimbizi wa Bangladesh kwenye kambi upande wa India, dripu zimeisha, Dk. Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha maji ya chumvi na sukari, na vifo vya kipindupindu kambini pale vikashuka kutoka karibu asilimia 30 mpaka kama asilimia 4 hivi. Kwenye maoni ya kipindi kile kuna mtu aliandika hii ni historia haitoki kwenye mtihani. Ukimuuliza leo akiwa ameshika koti jeupe sidhani kama atajibu hivyohivyo, lakini hakuna anayemuuliza.

Hili la maoni ya papo hapo kutofautiana na faida ya baadaye limeshapimwa na watu. Mwaka 2010 wachumi wawili wa Marekani, Scott Carrell na James West, walichapisha utafiti wa chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo, ambako mwanafunzi hachagui mwalimu, anapangiwa kwa bahati nasibu, na mtihani ni mmoja kwa wote. Wakakuta walimu ambao wanafunzi wao walifanya vizuri kwenye kozi ya kwanza ya hesabu walipata pia maoni mazuri, lakini wanafunzi haohao wakifika kozi za mbele zinazojengwa juu ya ile ya kwanza walifanya vibaya kuliko waliofundishwa na walimu wenye uzoefu waliopewa maoni ya chini. Na 2019 Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia, wengine wakisikiliza mhadhara uliopangika vizuri, wengine wakihangaishwa na maswali wayatatue wenyewe. Wa kundi la pili walijiona wamejifunza kidogo, kwenye jaribio wakapata zaidi. Kanada mwaka 2018 chuo kilichokuwa kinaitwa Ryerson pale Toronto kilipelekwa kwa msuluhishi na walimu wake, akaamua wastani wa maoni ya wanafunzi usitumike kupima ufundishaji wa mtu anayeombewa cheo. Hakusema wanafunzi wanyamaze. Alisema tuulizwe yale tunayoyajua, kama mwalimu anaeleweka, anarudisha kazi kwa wakati, anawaheshimu watu, na mengine wapimwe na wanaojua somo.

Ninachoomba kwa vyuo vyetu ni hicho. Mtuulize katikati ya semista, kwa swali linalomhusu mwalimu mwenyewe, maiki na mashine za presha ziwe na fomu yake ipelekwe kwa wanaonunua vifaa. Maoni yasifungwe pamoja na matokeo, mtu ajaze akiwa ametulia. Profesa akishayasoma arudi atuambie hili nimechukua na hili sikubaliani nalo kwa sababu hii. Na tukifika wodini, na tukimaliza intani, yani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo, mtuulize tena kuhusu walewale waliotufundisha mwaka wa kwanza. Vitengo vya uhakiki ubora vyuoni vipo, watu wanalipwa, hii ni kazi yao.

Kwako mama, ukienda chuoni kwa binti usiulize kwanini profesa hajafukuzwa, uliza yale maoni ya darasa lao yalisomwa na nani na nini kilibadilika, wakishindwa kukujibu hapo una haki ya kukasirika na mimi nitakuwa upande wako. Na binti mwambie asijifungie ndani kwa aibu. Aende ofisini kwa huyohuyo profesa aombe kuoneshwa ni wapi alipoteza alama, wengi wao ukienda mwenyewe hawakufukuzi. Kabla ya sapu aanze na moyo, figo na upumuaji, achore kila kitu bila kuangalia desa kisha ndo alinganishe, na hesabu azifanye kwa mkono asisome tu majibu ya wenzake. Kama yupo Dar es Salaam na anahitaji mtu wa kusoma naye, mhariri ana mawasiliano yangu, kuna wenzangu wawili hapa walipita kwenye sapu hiyohiyo na wameshakubali kumsaidia.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne
Dar es Salaam